Kikombe Changu Hakina Pa Kukaa

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Sebule,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaofanya kazi hapo ofisini, hasa yule dada anayeandika maelezo chini ya picha, maana shida yangu hasa ni naye.

Mimi ni fundi seremala. Nilipooa, miaka ishirini na sita iliyopita, sikuwa na kitu cha maana cha kumpa mke wangu. Nikakusanya vipande vya mbao vilivyobaki kazini, nikamtengenezea meza mbili ndogo za kukaa pembeni ya kochi, moja upande wake na moja upande wangu. Tangu siku hiyo meza hizo zimebeba vikombe, miwani, redio, dawa za mafua na madaftari ya wanafunzi wake, kwani yeye ni mwalimu. Binti yetu alisimama kwa mara ya kwanza akiwa ameng'ang'ania mguu wa ile ya kwangu.

Kisha mama watoto akaja na gazeti lenu, ukurasa wa kumi na nne, penye maneno makubwa: "Meza ya Pembeni: Iache Iseme." Ndugu Mhariri, imesema. Imesema niondoke.

Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Dada wa picha aliagiza vitu vipangwe vitatu vitatu, kirefu, cha wastani na kifupi. Upande wangu sasa kuna taa, chombo cha maua makavu, vitabu viwili vilivyolazwa, na juu yake kobe wa udongo. Nikahesabu, nikamwambia mwenzangu kwamba hivyo ni zaidi ya vitatu. Akanijibu bila kugeuka, "Vitabu na kobe ni kitu kimoja." Mimi naishi kwa vipimo, lakini hesabu hii sijawahi kukutana nayo.

2. Kikombe. Niliuliza nikiweke wapi, nikaambiwa, "Kishike." Nikakishika. Chai ilikuwa ya moto. Siku ya pili nikakiweka sakafuni, nikakipiga teke mwenyewe. Siku ya tatu nikakiegemeza kwenye mkono wa kochi, na yaliyofuata sitayaandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Tangu hapo nanywa chai jikoni, nimesimama kando ya sinki kama mtu aliyeomba maji njiani.

3. Kimoja kati ya vitabu vile ni changu cha kazi, kinachoonyesha namna ya kukata ngazi. Kilichaguliwa kwa sababu jalada lake la kijani linaendana na mito ya kochi. Nilipokihitaji nikamwinua kobe, nikasoma haraka, nikamrudisha. Mke wangu aliporudi kutoka shuleni, hata viatu hajavua, akauliza, "Nani kamgusa kobe?" Sijagusa kitabu tena. Ngazi ya mteja niliimalizia kwa kukisia, na mteja huyo sasa anapanda kwenda kulala akiwa ameinama upande wa kushoto.

4. Shemeji yangu, mlinzi wa benki, mtu asiyetishika kirahisi, alikuja kututembelea. Akapewa chai na sahani ya biskuti. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaelewa. Alikaa saa nzima kikombe mkononi na sahani gotini, hacheki, hakohoi. Jirani alipoingia na kunyoosha mkono kumsalimu, shemeji alimpa kiwiko. Siku hizi anatusalimia kupitia dirishani na kusema ana haraka.

5. Gazeti lenu limezunguka mtaa mzima. Matokeo yake, waume sita huja karakana kwangu kila jioni na vikombe vyao, wakaviweka juu ya meza yangu ya kazi, nami nashindwa kupiga randa. Mmoja wao, dereva wa lori, ameniagiza meza ndogo ya kuweka pembeni ya meza yake ya pembeni. Nimemuuliza, mkewe akishaiona hiyo naye akaipamba, itakuwaje? Akasema basi nimtengenezee mbili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mchapishe, kwenye ukurasa uleule, picha ya meza yenye kikombe peke yake, na dada aisifie. Hilo likishindikana, mtoe agizo kwamba kila meza iachwe wazi kiasi cha sentimita kumi na mbili; nimepima, mkono wa kikombe ukiwemo. Na hilo nalo likishindikana, basi njoo wewe mwenyewe nyumbani kwangu unywe chai. Nitakaa kimya kabisa. Nataka tu kuona utaiweka wapi.

Nisalimie wapiga picha, mpokea simu wenu aliyenisikiliza mara nne kwa uvumilivu, na dada mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye kama mtu.

Ni mimi, niliyesimama jikoni,
Fundi seremala, mume wa msomaji wenu

Nyongeza: Mke wangu yuko kwa binti yetu aliyejifungua, hii ni wiki ya tatu. Siku aliyoondoka niliziondolea meza zote mbili kila kitu, nikaweka kikombe changu katikati, nikakaa. Sebule ikawa kama chumba cha kusubiri daktari. Chai sikuimaliza. Nilirudisha vitu vyote kwa kufuata alama za vumbi, na palipokuwa na shaka nikatumia rula. Sasa namtengenezea meza ya tatu, ya ile kona ya dirishani ambayo amekuwa akiitazama bila kusema neno. Nimeshapiga msasa, imebaki vanishi. Tafadhali sana, muulize yule dada: meza ikiwa na kimo cha sentimita hamsini na tano, taa yake iwe ya urefu gani? Mwalimu anarudi Jumamosi. Jibu litumwe karakana, lisije nyumbani.