Ndoo Thelathini na Nne za Kijani

Jumatatu, Machi 2

Lango la bustani ya michezo litakuwa na rangi tisa, na kijani kitahitajika kikombe kimoja tu. Amesema hayo Awuor, mchoraji kutoka Kisumu, saa nne asubuhi, akiwa juu ya ngazi. Nilikuwa gazetini miaka ishirini na miwili. Nimezoea kuandika habari kwanza, kilio baadaye.

Kilio ni hiki. Nilipostaafu nilifungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Kiplombe. Mwaka jana nikanunua ndoo thelathini na nne za rangi ya kijani kwa ajili ya shule moja. Shule ikapata mwalimu mkuu mpya. Mwalimu mkuu mpya akachagua buluu. Ndoo zimo stoo hadi leo, pamoja na meza yangu ya kuandikia. Wahu, mke wangu, ameagiza mbegu za viazi za kuwekwa stoo humo, zinafika Jumanne ya wiki ijayo. Amesema: Baba Janice, siku hiyo ikifika kama ndoo bado ziko, zinatoka nje na meza inazifuata.

Kikombe kimoja.

Jumatano, Machi 4

Nimekutana na Kipyego, mwenye bustani. Alikimbia marathoni miaka kumi na minne. Zawadi zote amezigeuza mabembea, mateleza na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, kando ya barabara ya Kaptagat. Mtu mpole. Nikamwambia kijani ni rangi ya mahindi, na mahindi ndiyo sisi. Akasema ni kweli. Nikamwambia herufi ziwe za manjano. Akasema ni kweli. Nikasema, basi tupake. Akasema, muulize Awuor.

Nilienda kumuuliza Awuor nikasahau swali.

Alikuwa amemaliza nguzo ya kushoto. Amechora matofali juu ya simiti tupu: makubwa chini, madogo yakipanda, mekundu ya udongo chini, yakififia hadi rangi ya mawingu. Nguzo ya kulia bado nyeupe. Ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Nikamwambia fundi amekosea vipimo. Akanipa futi kamba. Kushoto, mita tatu. Kulia, mita tatu. Nikarudi nyuma hatua ishirini, ya kushoto ikarefuka. Nikarudi kupima. Mita tatu. Nilipima mara nne. Maurice, fundi wake, aliniuliza kama nategemea itakua.

Nikauliza kwa nini wekundu chini. Awuor akasema: Mzee, hii ni Eldoret, mvua inakuja na matope, na watoto hupangusa viatu ukutani. Uchafu utafika ukute rangi yake inaungoja. Kuhusu kuta mbili ndefu za njia ya kufikia lango, zile atazipaka kijivu kitupu. Jicho lipumzike kwanza, ndipo lishangae.

Sijasikia sentensi bora kuliko hiyo tangu nistaafu. Nimetembea hadi nyumbani nikitazama majengo kama mtu aliyetolewa mtoto wa jicho.

Ila ndoo bado thelathini na nne.

Ijumaa, Machi 6

Awuor amesafiri Siaya, mazishi ya shangazi yake. Atarudi Jumatatu. Kipyego yuko kambini Kaptagat na vijana wake wa mbio. Ameniomba nitupie lango jicho.

Nimelitupia. Nimepima pia. Lango na kuta zile mbili zitameza ndoo kumi na tisa bila shida.

Nimemwita Maurice. Akauliza kama Madam anajua. Nikamwambia Madam yuko matangani. Akasema hilo si jibu. Nikamwambia nitabeba lawama yote mwenyewe. Akasema basi niandike. Nikaandika, nikatia sahihi. Akachukua brashi.

Jumamosi, Machi 7

Limekwisha saa kumi jioni. Kijani kuanzia juu hadi chini, kuta zote mbili. KARIBUNI kwa manjano. Kila nguzo hindi moja, la urefu wa mtu. Nguzo ya kushoto imerudi urefu wake wa kawaida, na nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika tano hivi. Zimebaki ndoo kumi na tano. Nimemwambia Wahu kazi imefika nusu. Akauliza kama nusu ya meza itabaki.

Jumatatu, Machi 9

Wakulima mia moja arobaini na watatu langoni, saa moja asubuhi. Nimewahesabu mwenyewe, mara mbili.

Foleni imenyooka katikati ya kuta zangu mbili hadi barabarani. Wana magunia matupu, vitambulisho mkononi, punda wawili na trekta moja. Wa kwanza ni Mzee Kibet, mkulima wa Moiben. Alipita hapa jana akitoka kanisani, akaona, akapigia jirani zake simu. Geti ya kijani, akasema, hindi kubwa, herufi za manjano. Hiyo ni nini kama si stoo ya mbolea ya serikali?

Nikamweleza kwamba hapa hakuna mbolea, kuna mabembea. Akanitazama kwa huruma. Kila mwaka tunaambiwa hakuna, akasema, lakini ya mabembea ni mpya, nakupa pongezi. Aliyemfuata akaonyesha teleza: si gunia linateremkia pale? Mama mmoja alitaka kujua gurudumu linakausha magunia mangapi ya mahindi kwa saa. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti kwamba nimeuzia madalali yote, hata shati langu linaonyesha. Shati lilikuwa na madoa ya kijani.

Hata hivyo nikiri jambo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna askari, hakuna tangazo, hakuna aliyeambiwa simama hapa. Rangi peke yake imetoa watu mia na arobaini vitandani na kuwapanga mstari. Nilisimama pale mdomo wazi hadi Maurice akaniambia nzi wanaingia.

Kipyego amefika saa mbili. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Ameagiza chai na mandazi kwa wote, akawaambia anayetaka kupanda chochote apande bure. Hakuna aliyepanda. Waliogopa kupoteza nafasi kwenye foleni.

Awuor amefika adhuhuri, begi bado begani. Maurice akampa karatasi yenye sahihi yangu. Akaisoma, akatazama lango kuanzia juu hadi chini. Nilijiandaa. Akasema: Mzee, rangi yako imefanya kazi. Imefanya tu kazi ya mtu mwingine.

Hukumu imetolewa na Kipyego. Bustani inafunguliwa Jumamosi kama ilivyopangwa. Lango analirudia Awuor. Kuta zile mbili nitazipaka kijivu mimi, kwa mkono wangu, na rangi ya kijivu inatoka dukani kwangu.

Jumanne, Machi 10

Viazi vimefika. Ndoo zimetoka. Meza imezifuata. Naandikia barazani. Mkono unauma. Kijivu ni rangi ngumu kupaka: hakuna mahali pa kujificha.

Awuor amekuja dukani kununua kijani. Kikombe kimoja. Alikuja na kikombe chake.

Jumamosi, Machi 14

Bustani imefunguliwa saa tatu kamili. Nilikuwa ndani ya kuta zangu za kijivu, nikitembea pamoja na watu. Kimya. Mtu haoni kitu, anaanza kuwaza mambo yake. Halafu kuta zinaisha.

Nimejaribu kuandika sentensi hii mara tatu. Lango lilipanda. Wekundu wa udongo, chungwa, manjano ya asubuhi, kisha buluu iliyokosa mpaka na mbingu ya siku hiyo. Kileleni, jani moja la kijani. Langu. Jicho la kila mtu lilienda palepale. Mama aliyekuwa mbele yangu aliacha kuongea na simu. Nilikuwa na futi kamba mfukoni, na sikuitoa.

Chini, Awuor amechora uwanja wa mbio: njia nane za rangi ya matofali, mistari myeupe inayokaribiana kadiri inavyolikaribia lango. Hakuna maandishi. Mtoto wa kwanza aliyekanyaga pale alikimbia. Wote waliomfuata wakakimbia. Mzee Kibet alikuwa amekuja na wajukuu wanne. Akasimama, akajipanga njia ya tatu, akashika kofia, akakimbia. Ana miaka sabini na mmoja.

Kipyego alikuwa akilia. Nimeliandika kwa sababu nililiona.

Jumapili, Machi 15

Sikulala vizuri, nikiwaza. Ibada yote nikiwaza.

Kama mistari inamkimbiza Mzee Kibet kwenye mabembea, itamfanyia nini kwenye stoo ya mbolea, ambako foleni husimama siku tatu? Njia nane. Rangi tisa. Wakulima wote ndani na nje kabla ya chai ya saa nne. Ni ajabu hakuna aliyelifikiria.

Kuna kontrakta mmoja mtaa wa Langas ambaye jengo lake limekwama. Ana ndoo arobaini za rangi ya matofali na haraka ya kuziondoa. Nimezichukua. Wahu ameuliza zitakaa wapi. Nimemwonyesha chini ya meza, barazani. Ameingia ndani, akafunga mlango.

Emmanuel, msimamizi wa stoo ya mbolea, amesema atanisikiliza Jumanne, Machi 17, saa tatu asubuhi. Maurice anakuja kupima. Ameomba niandike kwanza, na nitie sahihi.