Uzinduzi wa Mpango Mkakati wa Matairi Mapana ya Gari la Nyumbani

Mheshimiwa Mama Mkwe, mgeni rasmi wa mkutano huu, uliyekalia kiti changu. Mama watoto, muuguzi wa zamu na mshika funguo mkuu wa gari. Shemeji, mjumbe wa kamati kwa wadhifa wako wa kuwa na nafasi. Binti yangu, mwakilishi wa vijana na wa rimoti. Jirani yetu uliyekuja kuazima ngazi ukaombwa ukae. Wadau wote wa usafiri wa nyumba hii, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Shemeji.)

Nimesimama hapa sebuleni, kati ya meza ya chai na televisheni ambayo naomba izimwe (haizimwi, inapunguzwa sauti), nikiwa mkuu wa idara mstaafu mwenye uzoefu usiotiliwa shaka na mtu yeyote aliyewahi kuwa chini yangu, ili nizindue rasmi Mpango Mkakati wa Matairi Mapana.

Kama mnavyofahamu, mvua zilipoanza, Mama watoto alikuwa akimrudisha Mheshimiwa Mama Mkwe kutoka kliniki, na walipofika kwenye mzunguko wa barabara akakanyaga breki, na gari, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, halikusimama bali liliendelea na safari kwa ubavu mpaka kwenye majani, likatulia umbali wa kuridhisha kutoka kwenye nguzo ya taa. (Mama Mkwe: "Wa kuridhisha nani? Ningeweza kuigusa nguzo kwa mkono.") Masahihisho yamepokelewa. Nilipofika eneo la tukio kwa pikipiki ya Shemeji, nilikuta dereva bado ameukamata usukani wa gari lililokwisha kuzimwa, nami, kwa taarifa yenu, nikaukamata pamoja naye, ingawa hilo halikuingizwa kwenye ripoti. Uchunguzi wa awali ulibaini kwamba matairi yote yalikuwa vipara, na Mheshimiwa Mama Mkwe akanishika bega akanifariji kwamba hata wenye vipara wana kazi zao, ila si ya kubeba watu kwenye mvua. (Kicheko. Jirani anavua kofia, anaivaa tena haraka.)

Ndugu wadau, kiongozi wa kawaida angesema tununue mengine ya saizi ileile, yaishe. Lakini mimi si kiongozi wa kawaida. (Mama watoto: "Hilo tunalijua.") Nilijiuliza: kama tairi jembamba limeteleza, pana je? Hapohapo nikaunda kamati, mwenyekiti mimi, katibu mimi, mjumbe Shemeji, tukafanya ziara ya mafunzo kwenye duka la matairi, na upembuzi yakinifu ukaonyesha kwamba asilimia mia moja ya waliohojiwa, yaani Shemeji, wanaunga mkono tairi pana, kwa kuwa linalipa gari heshima hata likiwa limeegeshwa.

Muuza matairi alitahadharisha kwamba tairi pana kupita kiasi kwenye gari dogo litasugua madigadi yanayofunika magurudumu, usukani utakuwa mzito na mafuta yatanywewa kama maji. Nami nikamjibu kwamba hizo ni changamoto, na changamoto ni fursa. Tukafungiwa mawili ya mbele, ya kujaribia tu, Shemeji akakaa pembeni yangu kama mzigo wa kitaalamu. Kwenda mbele, gari lilikwenda vizuri mno. Lilipotakiwa kukata kona ili litoke uani mwa duka, likatoa sauti kama kabati linaloburutwa sakafuni, likagoma, na kwa kuwa lilikuwa limechukua msimamo, tuliuheshimu, tukarudi kinyumenyume mbele ya wateja wote, tukarudishiwa vipara vyetu. (Shemeji anaangalia dari.) Kitaalamu, majaribio yalifanikiwa kwa sehemu kubwa, kwani barabara nyingi zimenyooka.

Haitakuwa haki nisipogusia changamoto za ndani. Wakati kamati ikiendelea, mvua nayo iliendelea, na Mama watoto, aliyekuwa akienda kazini kwa lifti za watu na kurudi viatu vimelowa, jioni moja aliweka kijiko chini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba watoto, mimi sihitaji gari lenye heshima. Nahitaji lisimame nikilisimamisha." Hoja hiyo ilipokelewa, ikapewa uzito unaostahili, ikaahirishwa.

Leo natamka mbele yenu kwamba hatutarudi nyuma. Madigadi yakikataa, tutapanua madigadi. Geti likikataa, tutapanua geti. Na ikibidi barabara yenyewe itapanuliwa, maana idara niliyoiongoza bado inanikumbuka. (Jirani: "Barabara hiyo uliiahidi ukiwa bado kazini.") Ndiyo maana inanikumbuka. Tairi pana! (Shemeji: "Juu!") Kona kali! (Shemeji anasita: "Polepole.") Heshima ya familia! (Binti: "Baba, fupisha.")

Nafupisha kwa shukrani. Namshukuru Mheshimiwa Mama Mkwe kwa kuwa hai. Namshukuru Shemeji kwa uzito wake. Namshukuru muuza matairi, ambaye hadi leo anasubiri oda yetu ya matairi mapana, na ataendelea kusubiri, kwa kuwa haikuwahi kuwepo. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama watoto, ambaye wiki iliyopita, akitoka zamu na gari, maana siku hiyo mvua ilikatika, alipita pale dukani bila kibali cha kamati, akafungiwa matairi mapya manne ya saizi ileile, akarudi nyumbani, akapika, akanyamaza. Mimi nimejua leo mchana tu, aliponipitia benki, mvua ikimwagika, mzee mmoja akakatiza barabara mbele yetu, Mama watoto akakanyaga breki, na gari likasimama. Likasimama tu, ndugu wadau. Mimi nilikuwa nimeshang'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Yeye akamngoja mzee avuke taratibu, akanitazama, akaniuliza hotuba yangu imefikia wapi. Nikamwambia imebaki sehemu ya shukrani.

Ndiyo hiyo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama watoto anasogea kwenye kochi, anampa Baba watoto nafasi ya kukaa.)