Rafu ya Mjomba Ina Mba

Jumatatu, 3 Machi
Naahidi kuandika yote, hata yatakayoniumbua. Ijumaa mwalimu wa kompyuta atatangaza nani atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Tumebaki wawili: mimi na jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kidole Juu kwa sababu hajawahi kukishusha. Ufunguo ni wangu. Ile rafu mpya ya bati la zinki, iliyobeba kompyuta sita, aliitengeneza nani? Mjomba wangu!

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kidole Juu alipitisha kidole kwenye rafu, kikatoka cheupe pe. Akatangazia darasa zima kwamba rafu ya mjomba wangu ina mba. Walicheka hadi wakashika mbavu. Mwalimu akasema isiguswe mpaka amuulize fundi.
Amuulize ya nini, na fundi ni wa kwetu? Jioni nikaenda karakana kwa mjomba. Akakuna kichwa. Bati lilinyeshewa kabla ya kukunjwa, ndiyo maana likatoa unga. Lifutwe tu, akasema. Mengine aliyasema nikiwa nimeshafika barabarani.

Jumatano, 5 Machi
Haraka haraka haina baraka, wanasema. Wanaosema hivyo hawana mpinzani kama wangu. Nilifika kabla ya kengele, nikambembeleza mlinzi anifungulie. Nilikuwa na waya wa mama wa kusugulia sufuria. Kompyuta niliziwasha zote, zipate kushuhudia. Nikasugua! Unga ukatimka. Feni za kompyuta zikauvuta wote, hewa ikabaki safi. Nilizishukuru kwa msaada.
Saa mbili na robo, kompyuta tatu zikazimika.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu alifungua moja mbele yetu. Ndani mlikuwa na unga wa zinki na vijiwaya vya sufuria, vyembamba kama nywele. Akaeleza kwamba kijiwaya kikiangukia kati ya njia mbili za umeme, umeme hukatiza pasipo ruhusa na mashine huzimika. Nimeyanakili vizuri, kwa wino wa bluu. Kidole Juu akauliza swali ambalo jibu lake alilijua: huo waya wa sufuria ni wa nani?
Mjomba aliitwa. Alisimama kofia mkononi, akasema kosa ni lake, alipaswa kuifuta rafu kabla ya kuileta. Fundi mzima, mbele ya watoto! Sikuvumilia. Nikasimama, nikasema waya ni wetu na mkono ni wangu. Mjomba akanitazama. "Mpwa wangu, nilikwambia kitambaa chenye maji, tena mbali na mashine. Ukanipa kisogo."

Ijumaa, 7 Machi
Mashine mbili zimepona kwa brashi laini. Ya tatu, Mungu ailaze pema. Ufunguo kapewa Kidole Juu. Kauning'iniza kwenye kidole kile kile. Mimi nimepewa kitambaa chenye unyevu na onyo refu. Lakini mwalimu kaongeza kwamba nimesema kweli, na rafu ikiwa safi, muhula ujao atanifikiria.
Atanifikiria! Somo nimelielewa barabara. Kosa halikuwa kusugua. Kosa ni mkono wangu, hauna nguvu.
Mjomba, ukurasa huu nauchana nakutumia. Nijibu leo leo, tafadhali: ile grenda yako ya kusugulia vyuma, yaweza kuchomekwa soketi moja na kompyuta?