Vibakuli Masikioni mwa Bernadetha

Upande wa Itiryo,
Tarime.

Ndugu Mhariri wa gazeti la wanunuzi,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini kwa umri wangu nimeona nikupunguzie kazi ili tuingie kwenye shauri.

Mimi ni Mokami, mjane wa marehemu Magige. Shule sikuingia hata kuomba maji ya kunywa. Barua hii naisema kwa mdomo, na anayeiandika ni Bernadetha, mke wa mjukuu wangu Ezra, ambaye ndiye huyo huyo ninayemlalamikia. Usishangae. Hapa nyumbani mwenye hati nzuri ni yeye peke yake. Ezra huandika kama kuku aliyepita kwenye majivu. Nimemwambia asiongeze neno wala asipunguze, na kwa ajili ya kazi hii amekubali kuvua vile vitu vyake.

Vitu vyenyewe ni hivi. Gazeti lako lilieleza namna ya kuchagua hedifoni zisizo na waya, zile kubwa zinazofunika sikio lote, zenye kuzuia kelele. Ezra ni dereva wa lori. Alinisomea ukurasa mzima akiwa amekalia kinu changu, jambo ambalo pia sikulipenda. Mlisema mtu aangalie chaji inakaa muda gani. Aangalie kama pedi ni laini, kama hazibani, kama zinakunjika, kama hazichoshi shingo. Na zaidi ya yote aangalie kama zinazima kelele kabisa, hata ya injini. Ezra akakufuata kama mtu anayefuata Injili. Akamnunulia mkewe zile zinazozima kelele kupita zote, eti mashine ya kusaga ya jirani isimsumbue, kisha akapanda lori akaenda zake Mwanza.

Tangu hapo nakaa na mtu mwenye vibakuli viwili vyeusi kichwani, ambaye macho yapo, mikono ipo, masikio yamehama.

Nikuambie mapema ninachoogopa, usije ukadhani ni ukorofi wa uzee. Bernadetha katoka Kenyamonta, wilaya ya Serengeti. Kwa utani wetu ni mke mwenzangu, maana mume wake nilimlea mimi. Jirani yangu Waisiko alipomwona na vibakuli alikuja kunong'ona, "Mama Mokami, huyo ameanza kuondoka. Wanaanza na masikio, miguu inafuata." Nilimfukuza Waisiko, lakini maneno yake hayakuondoka naye. Mimi sitaki Bernadetha aende. Sisemi kwa sababu ya ng'ombe tuliowapeleka kwao. Ng'ombe ni ng'ombe. Nasema kwa sababu ya mtu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Salamu. Huku kwetu mgeni huulizwa habari zake, za watoto, za mifugo, za mvua ya kwao, ndipo apewe kiti. Alikuja mzee Kisyeri. Akasema, "Wa hapa hamjambo?" Bernadetha akaendelea kupepeta wimbi. Mzee akarudia. Wimbi likaendelea kupepetwa. Mara ya mwisho akamsalimia mbuzi, na mbuzi akaitika. Sasa mzee anatangaza kilabuni kwamba kwa Mokami mwenye adabu ni mbuzi.

2. Kitufe. Mliandika kwamba hedifoni zilizo bora zina kitufe cha kuruhusu sauti za watu wa karibu ziingie. Ndugu Mhariri, mimi nimezalisha wanawake wa kilima hiki mpaka wengine nimewazalisha na binti zao. Nimefukuza fisi kwa mwiko. Sijawahi kuwekewa kitufe. Yaani nikitaka kusema, "Mjukuu wangu, una nyoka mguuni," nisubiri kwanza nibonyezwe?

3. Kikohozi. Hili nalisema kwa aibu, na anayeliandika ameinamisha uso. Mwanangu Mwikwabe ndiye baba yake Ezra, kwa hiyo ni baba mkwe wa Bernadetha. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani ovyo. Kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Mzee akikaribia uani anakohoa. Mwanamke anajifunga kanga vizuri, anasogea, mzee anapita, hakuna aliyeona kitu. Uani kwetu hakuna mlango. Mlango ni kikohozi.

Basi siku moja Bernadetha kakaa uani amenyoosha miguu, anajipaka mafuta magotini, vibakuli viko kichwani. Mwikwabe akakohoa nyuma ya zizi. Kimya. Akakohoa cha kifuani kabisa. Kimya. Kusonga mbele hawezi, kurudi nyuma anaona haya, uji wake unapoa anauona. Alikohoa mpaka Waisiko akamletea tangawizi. Hatimaye nikaenda mwenyewe kumzungusha kwa njia ya migombani, nimemshika mkono kama ng'ombe mgonjwa, mwanaume mwenye wajukuu wake. Nakuuliza kwa heshima: katika yale mliyosema mnunuzi aangalie, "je, kikohozi cha baba mkwe kinapita?" mliliandika mstari gani?

4. Yowe. Wewe ukiwa mtu wa mjini huenda hujui. Huku ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa, mmoja anapiga yowe, na kila mwenye miguu anatoka na chochote alichoshika. Asiyetoka anajieleza mbele ya wazee wa ritongo, ndilo baraza letu, na kujieleza kwao si mchezo. Nikawaza, huyu mtoto wa watu siku ya yowe atafanyaje? Sasa kwa kuwa wewe mwenyewe uliandika kwamba mnunuzi mwenye akili huijaribu bidhaa, nikaijaribu. Nikasimama nyuma ya banda la kuku, nikajaza kifua, nikapiga yowe.

Hujawahi kuniona, Ndugu Mhariri, lakini nakuhakikishia sauti ninayo. Walitoka watu wa kilima hiki, wakatoka na wa kile cha pili. Walikuja na marungu, na mapanga, na mmoja na tonge la ugali mkononi. Vijana wa bodaboda waliziba barabara ya Sirari ili ng'ombe wasivushwe mpaka. Mwinjilisti alikuja na upinde, na mpaka leo hajasema aliutoa wapi. Na katikati ya jeshi lote hilo kakaa Bernadetha anachambua maharage: zuri huku, bovu kule.

Wazee wakahema, wakaniuliza, "Mama, ng'ombe wameelekea wapi?"

Nikawaambia hakuna ng'ombe, napima hedifoni.

Wakatazamana. Nikatozwa mbuzi papo hapo. Wakamchinja, wakamla na kichuri chake, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwake, na mimi mwenyewe nikatumwa chumvi. Mbuzi yule, kwa haki, alipaswa kutoka kwenye zizi lako.

5. Simu. Baada ya hapo nilikaa nikafikiri kwa utulivu. Mtu asiyesikia salamu, asiyesikia kikohozi, asiyesikia yowe, mtu huyo hayupo. Asiyekuwepo amesafiri. Na aliyesafiri hupigiwa simu kwao. Kwa hiyo chakula kilipoiva sikumwita tena. Nilimpigia mama yake Kenyamonta. "Mkwe, habari za huko? Tafadhali mwambie mwanao ugali tayari." Mama yake akampigia. Bernadetha, aliyekuwa karibu na sufuria kuliko mimi, akainua kibakuli kimoja, akapokea, "Haya mama," akanawa akaja kula. Niliona utaratibu mzuri sana. Nikautumia kumwomba asogeze kiti, afunge ndama, apunguze moto chini ya maharage. Yote yalipitia Kenyamonta na yote yalitimia.

Ila yule mama hatimaye akaniuliza, "Mama Mokami, kwani hamsemezani? Mwanangu amekukosea nini?"

Nikamjibu ukweli, kwamba hajanikosea kitu, ni vile tu kwa sasa hayupo.

Mama wa watu akapiga ukelele, simu ikaanguka huko. Na ndiyo sababu ya barua hii kwenda haraka, kwa maana wamemtuma Tomaso, kaka yake mkubwa, aje Jumamosi asikilize dada yake anaishije kwetu. Kaka wa mke hatoki Serengeti kuja kuonja uji. Anakuja na mkono mmoja mtupu, wa kushikia begi la dada yake.

6. Kutokana na hayo, naomba gazeti lako linitumie cheti chenye muhuri, kifike kabla ya Tomaso, kieleze kwamba ukimya wa nyumba hii umetoka kwenye ukurasa wenu, haukutoka mdomoni kwangu. Mdomo wangu hauna historia ya ukimya, uliza yeyote.

Naomba pia serikali ishauriwe. Mtu aliyevaa vitu hivi afungwe kitambaa chekundu mgongoni kama lori lililobeba mbao ndefu. Kila nyumba iwe na msikiaji mmoja aliyeapishwa, asikie kwa niaba ya wengine. Na kabla hedifoni hazijaruhusiwa kuingia pale mpakani zipitishwe kwangu, nizipigie yowe moja moja. Zitakazolizima yowe zirudi zilikotoka. Najua nitatozwa mbuzi kwa kila yowe, kwa hiyo serikali ije na mbuzi wake.

Na kama hayo ni mazito, basi waambieni mafundi watengeneze zinazozima mashine ya kusaga, na milipuko ya mgodini inayotutikisia vyombo, na spika za mkutano wa injili, na Waisiko. Waniache mimi. Maana mmeweka neno "kelele" pale bila kulichambua, na mtoto kasoma, kaona chochote kinachotoka nje ya kichwa chake ni kelele. Mimi si kelele, Ndugu Mhariri. Mimi ni bibi.

Nisalimie wanaochapa gazeti, na anayefagia hapo ofisini, na mama anayewachemshia chai. Mama yako mzazi msalimie kwa jina langu, na umwambie mwanawe anaandika vizuri ila aende nyumbani mara moja moja akanywe uji. Wa huku wote wanakusalimu. Mwikwabe naye anakusalimu. Unaweza kumsikia akikohoa.

Ni mimi niliyeudhika bila chuki,

Mokami wa Magige
(dole gumba langu ni hilo la masizi hapo chini)

Nyongeza baada ya dole gumba.

Ndugu Mhariri, barua ilikuwa imekwisha, lakini Bernadetha hataki kuikunja. Anacheka mpaka amelowanisha karatasi, doa unaloliona hapo juu ni lake. Anasema lipo jambo.

Jambo lenyewe ni kwamba hizo hedifoni hazina chaji. Ndama alitafuna kebo ya kuchajia wiki ile ile Ezra alipoondoka. Hazijazima kitu. Hazijazima hata nzi.

Mzee Kisyeri alimsikia, ila mzee huyo akishaitikiwa tu huuliza tumbo la Bernadetha lina habari gani, na Bernadetha amechoka kutoa habari za tumbo. Mwikwabe alimsikia pia. Lakini Mwikwabe ni mtu wa tumbaku, anakohoa kutwa, nani ajue kipi ni cha adabu na kipi ni cha mapafu? Na yowe alilisikia kuliko wote, maana alikuwa karibu. Anasema, "Bibi, yowe lile halikuwa na ng'ombe ndani yake. Nilijua ni wewe na mambo yako."

Nikamuuliza, sasa unavaa ya nini?

Kwanza akasema asubuhi huku kuna baridi kuliko kwao. Nikamwambia hilo mpe Waisiko. Mimi nipe jibu. Akachezea kalamu. Ndipo akasema, "Bibi, nikiwa sijavaa unaniambia ugali wangu una madonge, natembea kama bata, na maji nabeba kama ninayaiba. Nikivaa, unageuka unawaambia kuku kwamba tangu ufiwe na mzee hujapata mtu wa kukaa naye kama mimi. Mimi nilitaka kuendelea kusikia hayo ya kuku."

Ni kweli nilisema. Nimesema mara nyingi. Nilidhani nazungumza na kuku.

Basi, Ndugu Mhariri, cheti usilete. Tomaso akija Jumamosi dada yake amesema atampikia, atamwambia macho kwa macho kwamba hana safari, na atamrudisha kwa mama yao na jogoo wa kumtuliza moyo. Na huo ukurasa wako siku nyingine urekebishe: hedifoni nzuri kuliko zote ni zile zilizokufa chaji. Ezra, ukiyasoma haya huko Mwanza, lete sukari, lete sabuni, kebo isahau.

Na wewe Bernadetha, maliza upesi, unaandika taratibu kama kinyonga anayevuka barabara. Usininunie. Si umevua? Basi sikia.