Mkataba wa Ndalu na Bata Mzinga wa Senge Wilkista

Jumatatu, 24 Novemba

Nimerejea Ndalu kutoka chuoni Kitale. Nimerejea kama mwanahistoria, si kama kibarua wa mahindi! Namshukuru mhadhiri wangu, Daktari Viola, aliyenirudishia insha ikiwa na swali moja jekundu pembeni. Niliandika kwamba mapatano ya kijeshi baina ya mataifa ni ngao ya amani: anayemgusa mmoja amewagusa wote, kwa hiyo hakuna atakayethubutu kumgusa yeyote. Akauliza: ikiwa ni hivyo, mwaka 1914 kulitokea nini? Uchokozi mtupu. Nitamjibu kwa vitendo.

Uwanja wa majaribio ni hapa nyumbani. Mahindi ya Mama yamelala uani, makavu, yanangoja mashine ya Mzee Kiptum ya kupukuchua. Mwaka wetu mzima umelala pale chini: ugali wetu, na kurudi kwangu chuoni. Mashine huenda kwa zamu, boma hadi boma; kila boma hutoa mikono na chai. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi. Leo Kiptum ametuma neno kwamba itakuwa Ijumaa, ati Alhamisi anaanza na shemeji yake. Mama akasema si neno. Si neno! Hivyo ndivyo himaya huanza!

Namshukuru Kiptum kwa kutudharau. Bila dharau hakuna muungano.

Jumanne, 25 Novemba

Ushindi wa kidiplomasia! Nimeasisi Mkataba wa Ndalu. Wanachama: boma letu, jirani Absalom, mwenye maturubai, na Senge Wilkista, dada ya marehemu baba, mwenye punda na mkokoteni. Kifungu ni kimoja: akichokozwa mmoja, tumechokozwa sote, na adui hatapata kwetu mkono, turubai wala punda.

Absalom aliuliza adui ni nani. Nikamwambia hilo litajulikana baadaye. Akaridhika. Watu wenye imani ni baraka kubwa.

Kukhu Nasambu, nyanya yangu, alikuwa akichambua mboga. Akasema babu yake alichukuliwa na Waingereza katika vita vile vya kwanza, akabebeshwa mizigo mpaka Tanganyika, akarudi na mguu mbovu. Ati hadi anakufa hakuna aliyemwambia Serbia iko wapi. Nilimshukuru kwa ushahidi wake. Akasema hatoi ushahidi, anatoa onyo. Nimeuhifadhi kama ushahidi.

Jumatano, 26 Novemba

Habari zimevuja. Judy, binti ya Kiptum, ambaye tunasoma naye, alinikuta kisimani. "Niaje, komredi! Ati mmeunda jeshi? Sasa mahindi mtapukuchua na hotuba, bana?" Nikamjibu kwa hotuba. Aliondoka kabla ya hitimisho.

Jioni, habari nzito: Kiptum naye amefunga mkataba na Kibiwott, mwenye trekta inayoendesha ile mashine. Akichokozwa mmoja, wamechokozwa wote. Maneno yangu mwenyewe! Nimeguswa sana. Sasa kambi ni mbili na nguvu zinalingana. Amani imehakikishwa. Namhurumia Daktari Viola.

Alhamisi, 27 Novemba

Tukio!

Bata mzinga wa Senge Wilkista aliingia kwa Kibiwott wakati mchungaji mgeni akiombea chakula. Akamdonoa mchungaji mguuni, katikati ya baraka. Mke wa Kibiwott, Mama Jepkorir, akampiga bata kwa mwiko. Bata anachechemea.

Senge alifika kwetu akiwaka. "Mukhwana, si ulisema akichokozwa mmoja? Haya, nimechokozwa!" Nikamweleza kwa utaratibu kwamba aliyepigwa ni bata, na bata si mwanachama. Akauliza kama yeye pia si mwanachama, nimwambie hapo hapo. Nilinaswa na kifungu changu mwenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Senge akamfungua punda aliyekuwa akibeba mahindi ya shemeji ya Kiptum. Absalom, kwa uaminifu wa kuliza, akaenda kwa shemeji huyo huyo kuvuta turubai lake kutoka chini ya mahindi. Kibiwott akauliza kama yule ni ndege ama ni askari, kisha akazima trekta mpaka aombwe radhi. Kiptum hana ugomvi na bata yeyote, lakini amefungwa na neno lake kwa Kibiwott. Hadi jioni mashine imenyamaza Ndalu nzima. Wala hakuna anayemchukia mwenzake hasa. Kila mmoja amekasirika kwa niaba ya mtu mwingine.

Mama aliuliza nani atatupukuchulia kesho. Nikamweleza kuhusu Austria kuishambulia Serbia mwaka 1914, jinsi Urusi ilivyosimama na Serbia, Ujerumani na Austria, Ufaransa na Urusi. Yeye akatazama mawingu juu ya Mlima Elgon.

Ijumaa, 28 Novemba

Zamu yetu imepita kimya. Nimefanya usuluhishi: bata na mwiko waombane radhi. Kibiwott anasema bata aanze. Senge anasema mwiko uanze. Mazungumzo yamevunjika.

Mawingu yamekuwa meusi. Nilikwenda kwa Absalom kuomba maturubai tufunike mahindi yetu. Hayapo! Kwa kuulinda mkataba ameyapeleka yote kwa wakwe zake Myanga, adui asije akayateka. Alinieleza hayo kwa fahari. Nilimshukuru.

Mama amenipa chai isiyo na sukari.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua ilianguka mchana.

Mama alipiga magoti uani, akikusanya mahindi kwa leso yake. Kukhu alikuwa na ungo. Mimi nilikuwa na ndoo moja na Mkataba wa Ndalu. Absalom alifika mbio, mikono mitupu, akiilaani Myanga.

Ndipo trekta ya adui ilipoingia langoni bila tamko lolote la vita. Kibiwott kwenye usukani, tela nyuma. Kiptum na Judy juu yake, wameshika turubai. "Songa, profesa! Shika gunia!" Judy akapaza sauti. Punda wa Senge akafuata. Mama Jepkorir, yule yule wa mwiko, alishika upande mmoja wa gunia na Senge upande wa pili, wakibishana kuhusu bata huku wakikimbia. Tukapeleka yote kwenye stoo ya Kiptum, mashine ikaanza kunguruma, na kabla ya giza mahindi ya Mama yalikuwa punje safi. Yaliyolowa ni machache, ya kuku.

Nilimuuliza Kiptum kuhusu mkataba wake na Kibiwott. Akanishangaa. "Mke wangu alipolazwa, si ni mama yako alikuwa anapikia watoto wangu? Mkataba gani tena?"

Niligeuka ukutani. Nilisema ni vumbi la mashine. Nawashukuru wote, kwa moyo wangu wote, na hapa sina hotuba.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani niliomba nafasi ya kutoa shukrani. Nilipofika Sarayevo, mji ambako vita vya 1914 viliwashwa, wakaanza kuimba. Kwaya nzuri sana.

Baada ya kutafakari, nimeona ukweli. Mvua ilichokoza boma moja, maboma yote ya jirani yakasimama nalo. Kifungu kimetimia neno kwa neno! Nilikuwa sahihi! Kosa lilikuwa kuwa na miungano miwili badala ya mmoja mkubwa. Nimeshaunganisha kambi zote. Kibiwott alikubali mdomo ukiwa umejaa mandazi, kisheria inatosha. Na ili kuziba mwanya wa Alhamisi, bata mzinga sasa ni mwanachama kamili.

Amebaki adui tu. Nimewateua watu wa ng'ambo ya barabara, wenye mashine yao, waliotucheka mvua ikinyesha. Mama, ambaye huniita Papa kwa mapenzi, amesema, "Papa, wacha." Nimemshukuru kwa mchango wake.

Bata amevuka barabara sasa hivi, akichechemea. Namsikia mtu huko ng'ambo akiita aletewe fagio.

Viatu vyangu viko wapi?