Malalamiko Dhidi ya Upanga Usiovunjika

Kwa Ndugu Radomír Šebesta,
Mwenyekiti, Chama cha Upanga Mrefu,
Dolní Trnkov, Moravia.

Ndugu Mwenyekiti,

Nikiwa na afya njema na hasira timamu, nakuandikia kabla ya mkutano wa Jumamosi, ambapo nasikia itapigwa kura ya kufuta cheo changu cha Mshauri wa Chuma. Habari hiyo sikuipata kwako. Niliipata kwa mwokaji mikate, aliyeniambia, "Pole, Bwana Vratislav, nasikia huhitajiki tena," huku akinifungia mkate. Basi na mimi nina la kusema, na nitalisema kwa namba ili wajumbe wavivu wasipotee njiani.

1. Upanga ulioniponza haukuchaguliwa kwa utaratibu. Vuli iliyopita, nilipokuwa kitandani na mafua, chama kilimtuma Daktari Květoslava, daktari wa meno, mwanachama mpya kuliko wote, akatutafutie upanga wa mikono miwili wa kukatia mazoezini. Mimi nina kijitabu nilichokiandika mwenyewe juu ya kuchagua upanga. Sura ya nakshi peke yake ni ndefu kuliko Injili ya Marko. Yeye alikwenda kwa mhunzi bila hata kukifungua. Akaomba kuuona mkia wa bapa kabla haujafichwa ndani ya mpini, ajue kama ni mpana na unafika mwisho. Akaegemeza ncha kwenye gogo, akaukunja upanga kama upinde, akauachia, akatazama kama umerudi kunyooka. Kisha akaushika mbele yake akipiga gumzo la mvua na mavuno ya plamu, kusudi asikie kama mabega yatalalamika. Basi, kwisha! Mhunzi akamuuliza, "Nakshi hutaki, mama? Hata kasimba kadogo?" Akajibu, "Nakata mikeka, bwana, siolewi." Hayo ndiyo majibu ya mtu aliyekabidhiwa heshima ya chama.

2. Bei yake ni matusi. Haifiki hata theluthi ya bei ya ule niliopendekeza mimi. Wahenga walituachia neno: cha rahisi ni ghali. Juu ya neno hilo nimejenga kijitabu kizima, kwa hiyo nilitulia nikasubiri upanga ule utuumbue. Majira ya baridi yakapita. Tumekata nao mikeka ya ufukweni iliyoviringishwa, ikalowekwa majini na kusimikwa juu ya kigingi, ile tunayoimaliza dukani kila Januari huku muuzaji akituuliza tunakwenda bahari ipi. Tumekata maboga. Tumekata chupa za maji na, kwa mkono wa mwenzetu Otakar, kigingi chenyewe. Upanga uko vilevile. Unapanguswa, unapakwa mafuta, unarudi alani, unalala. Hauna aibu hata kidogo.

3. Hauvunjiki, na hapa ndipo panaponiuma. Kumbuka tulivyokuwa tukiishi. Upanga wetu wa kwanza, niliouchagua mimi, ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, uking'aa kama sakafu ya benki; katika pigo la pili bapa lilichomoka mpinini, likapita dirisha la ghala la parokia tunamofanyia mazoezi, likatua kwenye pipa la kabichi chachu la padri. Wa pili, niliouchagua mimi, ulikuwa mgumu mno hata makali yakamegeka kama kitana kikuukuu. Wa tatu, niliouchagua mimi vilevile, ulikuwa mnene kama jembe la plau. Mkeka haukukatwa, ulipigwa mweleka. Lakini kila mara tulikwenda wote kilabuni, tukamzunguka aliyeshindwa, tukammiminia slivovice, ile pombe kali ya plamu, nawe mwenyewe ukamshika bega ukamwambia, "Si wewe, kaka. Ni chuma." Otakar, mpiga kinanda wa kanisani, aliwahi kulia kwa faraja aliposikia maneno hayo. Huo ndio uliokuwa umoja wetu! Leo mtu akikosea, mkeka ukaruka kama kuku aliyeshtuliwa, Daktari anauchukua upanga, anaukodolea jicho moja kuanzia mpini hadi ncha, kisha anasema, "Chuma kizima. Wewe ndiye umeupeleka kiubavu. Rudia." Rudia! Kwa mtu mwenye wajukuu!

4. Madhara yamefika nyumbani kwangu. Zamani nikirudi mazoezini, mke wangu Drahomíra aliniuliza, "Umevunjika tena, huo upanga? Pole, baba." Nikapewa supu. Siku hizi anauliza, "Umekata?" Nikimweleza kuwa hewa ilikuwa na unyevu, ananijibu, "Si mkeka wenyewe mnauloweka?" Juzi akathubutu kunipigia ile methali ya mbaazi: ukikosa maua husingizia jua. Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe, kwamba mbaazi nao una haki zake. Mnyonge huyo hana maua. Mkimwondolea na jua la kulisingizia, mnamwachia nini? Chama kimelizima jua langu kwa pesa kidogo, tena kwa kura ya mkono.

5. Hatari haitaishia ghalani. Watu wanatuiga, Ndugu Mwenyekiti. Zamani Otakar alikuwa akilaumu kinanda. Tangu aanze kushika upanga huu amegeuka: Jumapili iliyopita alikosea wimbo, akageuka mbele ya waumini wote, akasema, "Samahani, hapo ni mimi." Mama mmoja alidondosha kitabu cha sala. Tujiulize, ugonjwa huu ukifika uwanja wa mpira, nani atalaumu nyasi? Ukifika ofisi ya mji, Meya atawezaje kuongoza bila Meya aliyemtangulia? Na ukipanda hadi bungeni, waziri mmoja akasimama akasema, "Chuma kizima, mimi ndiye nimekipeleka kiubavu," serikali itadumu hadi chakula cha mchana? Nimesoma historia ya tawala nyingi. Zilizoanguka kwa visingizio sikuziona. Zimekaa madarakani hadi leo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mambo haya: upanga huo ustaafishwe kwa heshima na kutundikwa ukutani, juu kabisa, mahali ambapo hata Daktari hafiki kwa ngazi, ununuliwe ule wa kijitabu changu, wenye joka, vito vya glasi na mpini wa pembe, ambao nakuhakikishia hautafika sikukuu ya Pasaka, na cheo cha Mshauri wa Chuma kibaki kwangu, kwa kuwa chama kisicho na upanga wa kuvunjika hakina cha kushauriwa, nami kwa umri huu siwezi kuanza kuwa mwanachama wa kawaida, wa kusimama foleni na kukosea mbele za watu.

Wasalimie wajumbe wote, wanaonipenda na walio wengi. Msalimie mama mkwe wako na mguu wake. Msalimie padri, mwambie lile pipa nitamlipa. Hata Daktari nampa salamu, zisizo za moto wala baridi.

Ni mimi, ninayekuheshimu bila kukubaliana nawe,

Vratislav Hudeček
Mshauri wa Chuma (hadi Jumamosi)

Tanbihi: Barua hii nilikwisha kuifunga, nimeichana bahasha. Asubuhi hii nilikwenda ghalani peke yangu kuujaribu upanga huo, nia yangu nipate kosa la sita. Nimesimamisha mkeka, nikapiga pigo la mlalo, kulia kwenda kushoto. Nikadhani nimepiga hewa, maana sikusikia kitu na mikono haikuhisi kitu. Kumbe kipande cha juu kimekatika, na kimebaki kimekaa palepale juu ya mwenzake, hakijui kama kimekatwa. Hakuna aliyeona ila paka wa padri, naye si mwanachama. Sijakigusa. Nimefunga ghala na ufunguo uko mfukoni mwangu. Njoo, Radomír. Mlete na Daktari, tena mje leo, kabla mkeka haujakauka ukajiangukia. Na hiyo Jumamosi futeni cheo mkipenda, ila agizeni upanga wa pili wa aina hiyohiyo, maana huu sidhani kama nitaurudisha.