Naomba Mwaka Huu Nisife

Kwa Mwenyekiti wa Kamati,
Kikundi cha Baleti cha Watoto wa Mtaa Wetu.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi kwako na kwa kamati nzima. Mimi ni mtunza ukumbi, yule mwenye funguo na fagio, ambaye watoto humwita Babu Marehemu. Nakuandikia nikiwa hai, na ombi langu ni fupi: katika onyesho la mwaka huu naomba nisife.

Nimesoma kijitabu cha historia mlichochapisha kwa kuadhimisha miaka ishirini ya kikundi. Ni kizuri, ila kimeandikwa na watu waliokuwa wamesimama. Naomba kukisahihisha kwa mambo yalivyoonekana kutoka sakafuni.

1. Kijitabu kinasema kikundi kilianza kwa maono ya Mwalimu. Kilianza kwa watoto sita, viatu jozi nne, na mimi. Siku ya onyesho la kwanza nilikuwa jukwaani nikipiga deki, pazia likafunguliwa kabla ya wakati. Nikateleza, nikalala chali, nikaona haya kuinuka. Watoto, kwa adabu waliyofunzwa makwao, wakacheza wakinizunguka. Watu walipiga makofi mpaka taa zikatikisika. Mwalimu akaniambia, "Mzee, umekufa vizuri sana, usibadilishe kitu." Tangu hapo kila hadithi yenu ina mfalme, na kila mfalme hufa mapema.

2. Nimekufa mara kumi na tisa: kwa sumu, kwa upanga, kwa radi, na mwaka ule viatu vilipochelewa kufika, kwa huzuni. Huzuni ilichukua dakika arobaini.

3. Miaka ya mwanzo watoto walikuwa hawajui kuruka. Sisemi zaidi, mbavu zangu zinajua. Mwaka wa saba wakaanza kunivuka bila kunigusa. Hayo ndiyo maendeleo ya kikundi, Ndugu Mwenyekiti, wala hayamo kwenye kijitabu.

4. Heshima yangu mtaani imekwisha. Kinyozi akiniona husema, "Marehemu, karibu kiti." Mke wangu hupewa pole sokoni kila baada ya onyesho, naye huzipokea, mwaka jana alirudi na kapu la viazi vya rambirambi. Tumevila. Mjukuu wangu ameandika shuleni kwamba kazi ya babu yake ni kufa, na amepewa alama zote.

5. Wakinipitia, watoto huninong'oneza. "Babu, nimesahau!" "Babu, mama amekuja?" Maiti hatakiwi kujibu, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwagongea hesabu kwa kidole chini ya joho: moja, mbili, tatu, nne. Yule mdogo tunayemwita Kijiko kwa wembamba wake, ambaye huganda akiona watu, hunilalia kifuani akilia mpaka aupate mdundo, ndipo aende zake kucheza. Hizo ni kazi mbili kwa mtu mmoja, tena aliyekwisha kufa.

Wahenga walisema kufa kufaana. Kufa kwangu kumewafaa wote isipokuwa mimi. Nataka kukaa kwenye kiti cha enzi, nipunge mkono, nikohoe nikipenda. Mkinikatalia, nitakufa macho wazi, nikiwakodolea ninyi wanakamati mstari wa mbele tangu mwanzo hadi mwisho.

Nisalimie wanakamati, mpiga piano, na yule mama anayeshona mabawa.

Wako mtiifu, na mpaka sasa mzima,
Mtunza Ukumbi.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani Mwalimu aliponiita mazoezini. Kumbe mke wangu amekwisha kuwafikishia malalamiko, nanyi mmekubali: mfalme ataishi, na atakayekufa ni mdogo wake mfalme, ataigizwa na fundi bomba. Nimekaa kwenye hicho kiti nikamtazama. Anakufa kama mtu anayetafuta koki chini ya sinki. Anapepesa macho! Kijiko akamlalia kifuani, akangoja, akangoja, kisha akainua kichwa akanitazama mimi kule juu, midomo ikimtetemeka. Sikuweza kuvumilia. Nilishuka kitini, nikamsukuma fundi pembeni, nikafa hapo hapo na koti langu la kazini. Mtoto akacheza.

Ndugu Mwenyekiti, ichane barua hii. Fundi apewe kiti. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nimelala mahali pangu.